Daktari Aliyeaminiwa na Kila Mtu

Wanangu, kisa hiki ni cha kweli, na ni kizito. Kinamhusu mtu mzima aliyewadhalilisha watoto kingono kwa miaka mingi, huku akiwa na shahada, cheo na jina zuri mji mzima. Aliyowafanyia sitayaeleza kwa undani, kwa kuwa hamuuhitaji undani huo ili muelewe. Ninachotaka mkitazame ni jinsi watu wazima wenye akili timamu, na wengi wao wenye nia njema, walivyoendelea kumfungulia mlango huku watoto wakisema, wakirudia kusema. Kama mnaposoma kuna jambo linawagusa moyoni, wekeni kando, mpumzike, mzungumze na mtu mnayemwamini. Kisa hakitakimbia.

Mtu huyo anaitwa Larry Nassar. Alikuwa daktari wa wanamichezo katika jimbo la Michigan, Marekani. Aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Michigan State, na kuanzia 1996 akawa pia mratibu wa tiba wa timu ya taifa ya jimnastiki, chini ya chama cha mchezo huo kiitwacho USA Gymnastics.

Jimnastiki ya wasichana ni mchezo mgumu kuliko unavyoonekana kwenye televisheni. Binti anatembea, anaruka na kupinduka juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10 tu, iliyoinuliwa zaidi ya mita moja kutoka sakafuni. Huanza akiwa na miaka mitano au sita, na akifika 12 huwa anafanya mazoezi saa nyingi karibu kila siku ya juma. Kifundo cha mguu kinateguka, kiuno kinauma, kiwiko kinavimba. Katika kumbi nyingi za wakati ule, aliyesema anaumwa alionekana mdeko, na nafasi yake kwenye timu ikaanza kuyumba. Fikirini basi thamani ya daktari awezaye kumrudisha binti uwanjani kabla ya mashindano. Mzazi anamshukuru, kocha anamtegemea, na mtoto mwenyewe anaona ndoto yake yote imo mikononi mwa mtu huyo.

Mwaka huohuo wa 1996, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, binti aitwaye Kerri Strug aliruka mruko wake wa mwisho akiwa ameumia kifundo cha mguu. Akatua, akajikaza, kisha akaanguka kwa maumivu. Timu ya Marekani ikatwaa dhahabu. Dunia nzima ilimtazama akihudumiwa, na mmoja wa waliokuwa wakimhudumia alikuwa Nassar. Watu wa Michigan waliomfahamu wakamwona kwenye televisheni. Tangu hapo akawa daktari wa mabingwa.

Aliitunza sifa hiyo. Kuta za chumba chake cha matibabu zilijaa picha za wasichana waliopata medali. Mtoto wa miaka kumi, anayetoka kwenye klabu ndogo ya mtaani, analazwa kitandani mgongo unamuuma, akiinua macho anawaona mashujaa wake wakitabasamu ukutani. Hakuna haja ya kumwambia kwamba huyu daktari ni mtu mkubwa, picha zimeshasema. Mama yake aliyeketi kwenye kiti naye anazitazama na kujiona mwenye bahati, maana kuna wazazi waliosubiri muda mrefu kupata miadi. Tena Nassar alikuwa anakwenda kwenye ukumbi mmoja wa mazoezi karibu na mji wa Lansing na kuwahudumia watoto bila malipo. Wengine aliwatibia nyumbani kwake. Nani angemshuku mtu anayejitolea hivyo?

Halafu alikuwa mpole. Hili nataka mlikumbuke, kwa sababu wengi tunadhani mtu mbaya atakuja na sura ya kutisha. Wasichana wa timu ya taifa walipelekwa mara kwa mara kwenye kambi iliyokuwa katikati ya msitu huko Texas, kwenye shamba la makocha maarufu Bela na Marta Karolyi. Wazazi hawakuruhusiwa kukaa nao. Makocha walikuwa wakali, na mabinti waliogopa hata kuonekana wakila. Katika mazingira hayo alikuwapo mtu mzima mmoja aliyewauliza wanaendeleaje, aliyewasikiliza wakilalamika, aliyewapenyezea peremende na vitafunwa kwa siri. Ndiye Nassar.

Peremende hizo zilikuwa na kazi yake. Mtoto akishapokea kitu kwa siri kutoka kwa mtu mzima, wawili hao wana jambo ambalo wengine hawalijui. Siri ya kwanza ni ndogo, tena tamu. Lakini imeshamfundisha mtoto kwamba kati yake na mtu huyu kuna mambo yasiyosemwa, na kwamba akisema atajiingiza matatani na yeye mwenyewe. Wadhalilishaji wengi huanza hivyohivyo: zawadi, lifti ya gari, vocha ya simu, sifa za upendeleo, kisha neno “usimwambie mtu.”

Katika matibabu yenyewe, Nassar aliwagusa mabinti sehemu zao za siri na kuwaambia ni tiba ya nyonga au mgongo. Mwanzoni aliwatibu kweli. Akanyoosha msuli uliokaza, akafunga bandeji, maumivu yakapungua. Uovu aliuchanganya humohumo, na akautolea maneno ya kitabibu ambayo mtoto hawezi kuyapinga. Mwaka 2000 alimtibu binti wa miaka 15 aitwaye Rachael Denhollander. Mama yake alikuwa chumbani siku zile. Nassar alisimama kwa namna ya kumzuia mama asione mikono yake inafanya nini, huku akipiga naye soga kwa uchangamfu.

Rachael alieleza baadaye jinsi alivyojishawishi mwenyewe. Aliona daktari hana wasiwasi, na mama yake yuko palepale. Akaamini kwamba hiyo ni tiba anayoifanya kila siku, kwamba wapo wakubwa wanaoijua, na kwamba kama ingekuwa mbaya wangeshamzuia. Akanyamaza, akidhani tatizo ni yeye.

Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai, na walisema kweli. Mgonjwa asiyemwonyesha tabibu panapouma hatapona. Kuna vipimo halali vinavyohitaji mtu avue nguo. Lakini daktari mwadilifu hueleza kwanza anataka kufanya nini na kwa nini, huomba ruhusa, huvaa glavu, humkubali mama, shangazi au muuguzi asimame mahali anapoona, na ukisema “hapana, subiri kwanza” husubiri. Nassar alikiuka karibu yote hayo, na wagonjwa wake hawakuwa wameambiwa kamwe kwamba wana haki ya kuyadai.

Sasa tazameni jinsi imani ilivyozunguka. Kuna kijana anayekwenda dukani mtaani kukopa unga kwa kusema, “Mimi ni wa kwa mzee fulani.” Mwenye duka hamjui yule kijana, anamjua mzee, basi anatoa. Nassar alikopa hivyo kila mahali. Wazazi walimwamini kwa sababu chuo kikuu kimemwajiri. Chuo kilimwamini kwa sababu timu ya taifa imemchagua. Timu ya taifa ilimwamini kwa kuwa ni daktari wa chuo kikuu. Mabinti walimwamini kwa sababu wakubwa wote hao wanamwamini. Ukiuzunguka mduara mzima humpati hata mmoja aliyeingia chumbani kukagua anachofanya. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshakagua.

Na watoto walisema. Jambo linaloniuma kuliko yote katika kisa hiki ni hilo. Watu hupenda kuuliza kwa nini wasichana walikaa kimya miaka yote hiyo. Hawakukaa kimya.

Mwaka 1997 binti wa miaka 16 alimweleza kocha wa chuo kikuu kilekile kwamba namna daktari anavyomgusa inamtia wasiwasi. Kwa maelezo ya binti huyo, kocha alimwambia kwamba malalamiko rasmi yangekuwa na madhara makubwa kwa pande zote mbili. Kocha naye alisema baadaye kwamba hakumbuki kuambiwa jambo hilo. Binti aliendelea kusimulia kwamba alipokwenda tena kwa matibabu, daktari alikuwa ameshaambiwa alichosema. Hebu jiwekeni mahali pake: umejikaza ukamwambia mkubwa, na neno lako limetangulia kufika kwa mtu unayemwogopa.

Kulikuwa na binti mwingine, mtoto wa marafiki wa familia ya Nassar. Huyu hakuwa hata mwanamichezo wake, alikuwa mtoto aliyekuja nyumbani kwake na wazazi wake. Alidhalilishwa tangu akiwa na miaka sita. Alipofika miaka 12 akawaambia wazazi. Wazazi wakaenda kumuuliza Nassar, Nassar akakana, na wazazi wakamwamini rafiki yao mtu mzima kuliko mtoto wao. Baba akamtaka binti aombe msamaha. Ukweli ulipokuja kumfikia baba yule, miaka ilikuwa imeshapita mingi, na majuto yakamla.

Mwaka 2004 binti wa miaka 17 alifanya kila kitu tunachowaambia mfanye. Alimwambia mama yake. Mama akampeleka polisi, kwenye kituo cha mji wa Meridian. Polisi wakamwita Nassar, naye akaja na slaidi za kompyuta zenye maelezo ya kitaalamu ya mishipa na misuli ya nyonga. Askari hakumtafuta daktari mwingine amuulize kama yanayosemwa ni kweli. Faili likafungwa bila hata kupelekwa kwa mwendesha mashtaka. Mwaka 2018 viongozi wa mji ule walimwomba radhi hadharani mwanamke yule, ambaye muda wote huo alikuwa amebeba jibu kwamba hakuelewa alichofanyiwa.

Kesi ya ngedere hakimu nyani. Kila mara mtoto alipolalamika, aliyeitwa kueleza kama lalamiko ni la kweli alikuwa mlalamikiwa mwenyewe, au watu wake. Mwaka 2014 mwanamke kijana aliyesoma katika chuo kile alipeleka malalamiko rasmi. Chuo kiliomba maoni ya wataalamu wanne, na wote wanne walikuwa watu wa chuo hichohicho wenye uhusiano na Nassar. Wakasema ni tiba. Nassar akarudi kazini na masharti machache, kama vile kuwa na mtu mwingine chumbani, na hakuna aliyefuatilia kama anayatimiza.

Jaribuni kuelewa kilichowafanya wakubwa hao wafanye hivyo. Sidhani kwamba wote waliwachukia watoto. Kumwamini mtoto kungewagharimu. Kocha angempoteza daktari, wazazi wangempoteza rafiki, chuo kingechafuka jina, na kila mmoja angelazimika kujiuliza, “Mimi niliyempeleka mtoto wangu kwake, ni mzazi wa namna gani?” Kumwamini daktari hakukuwagharimu chochote siku ile. Gharama waliilipa watoto wengine waliokuwa wakisubiri zamu yao kwenye benchi nje ya chumba.

Juni 2015, pale kambini Texas, kocha mmoja aliwasikia wachezaji wawili wa timu ya taifa wakizungumza kuhusu matibabu ya Nassar. Mmoja wao alikuwa Maggie Nichols. Kocha hakungoja ushahidi wala hakumfuata daktari kumuuliza. Akawaarifu wakuu wa chama, na mama yake Maggie akajulishwa. Mpaka hapo jambo lilikwenda inavyotakiwa. Lakini chama kilikaa na taarifa hiyo kwa wiki tano ndipo kikaenda kwa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Nassar akaondolewa kwenye timu kimyakimya, naye akawaaga watu kana kwamba anastaafu kwa hiari. Chuo kikuu hakikuambiwa. Wazazi wa Michigan hawakuambiwa. Akaendelea kupokea wagonjwa.

FBI nao walilala. Ofisi yao ya Indianapolis ilimhoji mchezaji mmoja, McKayla Maroney, kwa simu, na maelezo yake yakakaa zaidi ya mwaka bila kuandikwa rasmi. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria, iliyotolewa Julai 2021, ilibaini kwamba mkuu wa ofisi ile katika kipindi hicho alikuwa akizungumza na rais wa chama cha jimnastiki kuhusu kazi katika Kamati ya Olimpiki ya Marekani. Ripoti hiyohiyo ilisema, kwa kunukuu nyaraka za mahakama, kwamba tangu FBI walipoambiwa mpaka Nassar alipozuiwa kutibu, Agosti 2016, watoto na vijana wapatao 70 au zaidi walidhalilishwa. Zaidi ya mwaka mzima, huku faili likiwa mezani.

Aliyevunja mduara ni Rachael, yule binti wa mwaka 2000. Sasa alikuwa mwanasheria na mama wa watoto watatu. Agosti 2016 gazeti la Indianapolis Star lilichapisha uchunguzi kuhusu jinsi chama cha jimnastiki kilivyozikalia taarifa za makocha wadhalilishaji. Nassar hakutajwa humo. Rachael alipousoma akawaandikia waandishi barua pepe, kwamba aliyemdhuru yeye hakuwa kocha, alikuwa daktari wa timu. Kisha akaenda polisi akiwa amebeba jalada: kumbukumbu zake za hospitali, majarida ya kitabibu yanayoonyesha tiba halali inavyofanywa, na majina ya watu wanaoweza kutoa ushahidi. Safari hii mpelelezi, Andrea Munford wa polisi wa chuo kikuu, hakutishika na maneno magumu. Nassar alipoanza kumpa somo la viungo vya mwili, Munford alirudi palepale kwenye alichoshtakiwa nacho.

Hata hapo wengi walimtetea. Nassar alikuwa amejiandikisha kugombea ujumbe wa bodi ya shule za mji wa Holt. Alipojitoa, karatasi za kura zilikuwa zimeshachapishwa na jina lake. Novemba 2016, magazeti yakiwa yameshaandika, watu zaidi ya 2,000 walimpigia kura. Wanangu, jina zuri likishajengwa halibomoki kwa siku moja, na mtoto anayesema leo asidhani kwamba kutoaminiwa na baadhi ya watu ni dalili kwamba amekosea.

Januari 2018, wakati wa kumhukumu Nassar mahakamani Lansing, Jaji Rosemarie Aquilina aliamua kwamba kila aliyedhuriwa na anayetaka kusema atasikilizwa. Waendesha mashtaka walitarajia wasemaji 88. Wa kwanza kusimama alikuwa yule mtoto wa marafiki wa familia, aliyewahi kutakiwa kuomba msamaha. Akamtazama Nassar usoni. Waliokuwa wakifuatilia kwenye televisheni majumbani wakaanza kupiga simu, kwamba nao wapo, nao wanataka kusema. Kesi ikaendelea kwa siku saba na wasemaji wakafika 156. Mabingwa wa Olimpiki walisimama foleni moja na wasichana ambao hakuna aliyewahi kusikia majina yao. Wengine walikuja na wazazi wao, na wazazi wakalia mbele ya jaji kwa kukumbuka kwamba walikuwamo chumbani. Nassar aliandika barua kulalamika kwamba kuwasikiliza kunamtesa, jaji akamwambia atasikiliza. Wa mwisho kusema alikuwa Rachael.

Nassar akahukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Kabla ya hapo alikuwa ameshahukumiwa miaka 60 na mahakama ya shirikisho kwa makosa yakiwemo ya kumiliki picha za watoto za kingono, na Februari mahakama nyingine ya Michigan ikamwongezea miaka 40 hadi 125. Rais wa chuo kikuu alijiuzulu siku ile ya hukumu ya Lansing. Chuo kikakubali kulipa fidia ya dola milioni 500. Mwezi uleule wa Februari Marekani ikapata sheria mpya, kwamba mtu mzima anayesimamia michezo ya watoto akipata shaka ya unyanyasaji anapaswa kutoa taarifa kwa vyombo vya dola ndani ya saa 24, badala ya kukaa nayo ofisini wiki tano. Septemba 2021 Simone Biles, mmoja wa wanajimnastiki bora waliowahi kutokea duniani, aliiambia kamati ya Baraza la Seneti kwamba anamlaumu Nassar, na analaumu pia mfumo mzima uliomruhusu. Mkurugenzi wa FBI aliomba radhi siku hiyo.

Nimewasimulia kisa cha mbali, na wengine mtasema hayo ni ya Marekani na sisi hatuna jimnastiki. Ila sisi tuna mwalimu wa tuisheni anayebaki na mwanafunzi mmoja darasani jioni. Tuna ustadhi, tuna mchungaji, tuna mganga, tuna kocha wa timu ya mtaa mwenye jezi na viatu vya kugawa, tuna mjomba anayelipa ada. Wengi wao ni watu wema na wanastahili heshima yao. Hata hivyo, Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya, ya mwaka 2006, katika kifungu cha 24, inawazungumzia moja kwa moja walimu, polisi, wafanyakazi wa hospitali na wengine walioaminiwa, wanaotumia nafasi hiyo kujipatia ngono. Waliotunga sheria wasingekiandika kifungu hicho kama hatari isingekuwapo.

Sisi tumelelewa kumwamkia kila mkubwa shikamoo, na mimi sitaki tuache. Heshima ile ni ya thamani. Kosa letu wakubwa ni kwamba tumewafundisha watoto kuamkia, kutii na kutojibizana, kisha tukasahau kuwaambia heshima hiyo inaishia wapi. Basi nasema waziwazi: mkubwa yeyote akikugusa sehemu za siri bila sababu ya kitabibu iliyoelezwa mbele ya mzazi wako, akikuonyesha zake, akikupiga picha au kukutaka umtumie picha za mwili wako, akikuambia mfanye jambo ambalo wazazi wasijue, heshima imeishia hapo. Unaruhusiwa kusema hapana, kupiga kelele, kukimbia, kumwacha amesimama. Na kama uliganda ukashindwa kufanya lolote, usijilaumu. Mwili huganda kwa hofu. Mabingwa wa dunia waliganda.

Ninyi wavulana nanyi nawaambia hivyohivyo. Jamii yetu humcheka mvulana anayesema amedhalilishwa, kwa hiyo wengi humezea mpaka wanazeeka nayo. Mvulana ni mtoto, na aliyemfanyia hivyo ametenda kosa lilelile.

Ukimwambia mtu mzima akasema “haiwezekani, namjua yule,” usichukue jibu hilo kuwa la mwisho. Nenda kwa mwingine: shangazi, bibi, mwalimu mwingine, muuguzi wa zahanati, mjumbe wa mtaa. Tanzania vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako kuna askari waliowekwa kwa kazi hiyo. Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, Tanzania na Kenya pia, na kupiga ni bure. Huhitaji kuwa na ushahidi, kuutafuta ni kazi ya wakubwa. Huhitaji kujua jina la kosa. Ukishindwa kulisema kwa mdomo, liandike kwenye karatasi, jina lake, mahali na siku unayoikumbuka, umpe mtu uliyemchagua. Na kama rafiki yako ndiye aliyekuambia, usiende kumuuliza anayetuhumiwa kama ni kweli. Mshike rafiki yako mkono, mwende pamoja kwa mtu mzima mwingine, leo.